Benchi la Fikisha Kwanza Laomba Libaki Lilipo

Karibu, na samahani kwa kiti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani. Wasaidizi wako mliosimama kwa kukosa nafasi. Majirani wenye maduka. Nanyi wapita njia mliovutwa na kipaza sauti: sisi wanabenchi tunawasalimu wote kwa heshima na taadhima.

Mheshimiwa, tunajua mgeni rasmi huwekewa kiti chenye mto na kitambaa. Hata sisi tulikuazimia kimoja kwa kinyozi, kile kinachozunguka. Baadaye tukaona tusizunguke sisi. Umekuja kuzindua skrini kubwa ya habari, ile iliyo kwenye boksi hapo ukutani, na ili skrini ipate nafasi benchi hili litang'olewa. Tukasema mtu asiagane na kitu ambacho hajawahi kukikalia. Ndiyo maana tumekuketisha hapa katikati yetu. Msumari ulio karibu na paja lako la kulia tunaufahamu siku nyingi. Sogea kidogo kushoto. Hapo kuna mwenzetu, hana neno.

Anayesoma risala hii ni fundi cherehani wa kibaraza hiki, mama ambaye kila asubuhi hutusomea gazeti kwa sauti. Tumeitunga kwa pamoja kule uani kwa dobi, kati ya mashuka yaliyoanikwa, kwa sababu utakayoielewa hivi punde.

Kabla ya kuendelea, tuna sharti moja. Yuko mmoja wetu aliyekataza asitajwe. Alitukusanya akasema, "Mkinitaja, mtanigeuza kuwa sababu. Mimi si sababu. Mimi ni mpinzani." Tukamwahidi, na ahadi ni deni. Kwa hiyo jina lake hamtalisikia. Tutamwita Mwenzetu tu.

Tulikotoka

Benchi hili lilikuwa la wateja wa Mwenzetu. Yeye ni fundi saa, na duka lake ni hilo lenye mlango wa buluu nyuma yenu. Watu waliketi hapa wakisubiri saa zao, naye akiwa ndani na kioo chake jichoni akibishana nao kupitia dirishani juu ya lolote lililoandikwa gazetini. Aliweza kufungua saa, kuisafisha, kuifunga, na wakati huohuo kukushinda kwa hoja.

Kisha macho yake yakaanza kupoteza nuru. Mwanzoni alidai taa kali zaidi. Mwishowe akafunga duka na kujifungia chumba cha ndani. Binti yake akimpelekea chakula, nusu inarudi. Sisi tukienda kumbishia hodi, anatujibu kwa adabu kabisa: "Ahsanteni, ndugu zangu, mimi mzima." Adabu hiyo ndiyo iliyotutisha, maana hatukuizoea kwake hata kidogo.

Sasa, Mheshimiwa, tunafika kwenye jambo ambalo halijawahi kusemwa mbele ya Mwenzetu. Hili ndilo lililotupeleka kwenye mashuka ya dobi. Bila shaka muda huu ameshaanza kukohoa.

Asubuhi moja fundi cherehani aliburuta cherehani yake mpaka chini ya dirisha la Mwenzetu. Akafungua gazeti na kusoma kwa sauti habari iliyosema kwamba simu za mkononi zimeziua saa za mkono. Alipomaliza akatoa maoni yake, na mpaka kinyozi kule mwisho aliyasikia: "Na afadhali zife. Vibati vya kubana mkono tu vile. Hata mtoto angeweza kuvitengeneza."

Halafu tukasikia kiti kinasukumwa ndani. Mlango wa buluu ukafunguka, Mwenzetu akatokeza akipapasa ukuta, fulana ya kulalia bado mwilini.

"Nani huyo?" akauliza. "Nani amesema vibati?"

Tukamshika mkono tukamketisha. Alizungumza juu ya saa mpaka gazeti likapoa, na kesho yake akawahi kufika kabla yetu. Tangu siku hiyo haondoki hapa ila kula na kulala. Miaka yote hii anaamini kwamba alitoka ili kumkosoa mjinga.

Mwenzetu, fundi cherehani ameomba mstari mmoja wa kwake, nasi tumempa: "Kaka, saa ya marehemu baba yangu uliitengeneza wewe, na mpaka leo inatembea. Siku ile sikuamini neno hata moja nililosema. Nilikuwa nakutafuta."

Kanuni yetu

Mheshimiwa, watu wanaobishana kila siku wasipokuwa na kanuni watatoana meno. Yetu ilizaliwa siku tuliposoma habari za waheshimiwa fulani, si wewe, waliohama chama chao asubuhi na kupokelewa kwa ngoma jioni. Dereva wa teksi na Mwenzetu walishikana kwa maneno tangu gazeti lilipofika mpaka maduka yakaanza kufungwa. Dobi, aliyekuwa anakunja nguo zake pembeni, akawatazama wote wawili.

"Nyie mnasema kitu kimoja," akawaambia. "Wote mnasema anayehama aende kwanza akawaeleze waliompigia kura. Huyu anakisema kwa hasira, huyu kwa kelele."

Walipokumbushana walichosema, wakakuta ni kweli. Waliona haya kiasi kwamba dereva alimpeleka Mwenzetu kuzunguka mtaa mzima kwa teksi bure, ingawa anaishi hapohapo mlangoni.

Kuanzia hapo kanuni ikawa hii: fikisha kwanza, kisha pinga. Ukitaka kumpinga mtu, rudia kwanza hoja yake kwa maneno yako, bila kuipotosha wala kuikejeli, mpaka mwenyewe aridhike na kusema, "Umefikisha." Hapo ndipo zamu yako inaanza. Ukishindwa kufikisha, unanyamaza mpaka habari inayofuata. Kinyozi aliwahi kunyamaza karibu wiki nzima, na wateja wake wanasema hawajawahi kunyolewa vizuri kama wiki ile.

Mafanikio, pamoja na moja la bahati

Hakuna habari ya dunia inayopita hapa bila kupata maoni. Tuliposoma kwamba wakubwa wa mataifa wamekutana tena kuzungumzia joto la dunia, Mwenzetu alishauri wakutanie nje juani, mkutano utakwisha kabla ya chai. Dobi akafikisha, kisha akapinga. Alisema jua kwake ni mfanyakazi mwenzake; kinachomuumiza ni mvua isiyo na miadi. "Zamani wingu lilipiga hodi," alisema. "Siku hizi linaingia tu, na mashuka ya watu yako kambani."

Tuliposoma kwamba yanakuja magari yasiyo na dereva, dereva wetu alikosa raha siku nzima. Kinyozi akamuuliza, "Sasa abiria atamsimulia nani ugomvi wake na mkewe?" Raha ikamrudia.

Mafanikio yetu makubwa kuliko yote yalitokana na kosa, na kwa kuwa mtaa mzima unalijua, hatuna cha kuficha. Siku moja gazeti lilichelewa. Fundi cherehani akachukua lililokuwa limefungiwa kitambaa cha mteja, akatusomea onyo la mvua kubwa. Kumbe gazeti lilikuwa la mwaka wa nyuma. Tukapita duka kwa duka tukionya watu, na wote wakapandisha mali zao ghorofani. Mwenzetu peke yake alikataa, akasema hasikii harufu ya mvua. Jua likawaka siku hiyo na siku zilizofuata. Tulipogundua kosa tuliona aibu kuwaambia watu washushe mali, nao waliona aibu kushusha kabla ya wenzao. Wakati tunatazamana hivyo, mvua ikanyesha kweli, mtaa ukajaa maji, na hakikuharibika hata kitenge kimoja.

Mwenzetu maji yalimkuta ameketi hapahapa, yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Alisema, "Hii siyo mvua iliyotajwa." Kwa haki kabisa, alikuwa sahihi.

Changamoto

Mheshimiwa, isidhaniwe kuwa tunaichukia skrini. Dobi anaisubiri kwa hamu, maana ataona utabiri wa mvua akiwa kwenye kamba zake. Dereva anataka habari za foleni. Dunia inakwenda mbele, nasi hatujafunga breki.

Lakini mafundi walipokuja kupima ukuta, Mwenzetu aliwauliza skrini hiyo itasema kwa sauti gani, ya kike au ya kiume.

"Haina sauti, mzee," wakamjibu. "Ofisi za juu zitalalamika."

Akauliza tena: "Ukubwa wake je?"

Wakamshika mikono wakamnyooshea huku na huku mpaka akaelewa.

"Kubwa kweli," akasema. "Hongereni sana, vijana. Ahsanteni kwa kazi."

Mheshimiwa, ile adabu imerudi. Tangu wapimaji waondoke hajampinga mtu. Juzi kinyozi alisema makusudi kwamba dunia haijapata joto, ni watu tu wamenenepa. Mwenzetu akajibu, "Inawezekana, ndugu yangu." Kinyozi aliingia dukani kwake akakaa kwenye kile kiti kinachozunguka, akageukia ukuta. Tunaogopa, Mheshimiwa. Tunalisema wazi kwa sababu hatujui namna nyingine ya kulisema.

Wako watakaoshauri apewe simu inayosoma. Alishapewa. Binti yake alimnunulia, naye aliisikiliza asubuhi nzima kwa uvumilivu, kisha akamrudishia. "Inasoma vizuri kuliko fundi cherehani, wala haipigi chafya," alisema. "Lakini nikiipinga, inaendelea kusoma."

Maombi

Kwanza, tunaomba skrini ihamie ukuta wa ng'ambo, ule mtupu unaobandikwa matangazo ya waganga. Tumepima wenyewe kwa futi ya fundi cherehani, inaenea na nafasi inabaki. Kutoka hapa wenye macho wataiona vizuri zaidi, na wasio na macho watasomewa na wenye macho, kama ilivyo sasa.

Benchi libaki. Msumari wake tutaupiga nyundo wenyewe.

Paa la kibaraza linavuja upande wa dobi. Hili si kubwa, ila tumeona tukiwa na Diwani chini yake tulitaje.

Na ombi la mwisho: mara mojamoja, usipokuwa na uzinduzi wowote, uje uketi hapa bila kipaza sauti. Habari zako zinasomwa hapa kila wiki, na ni haki yako kuwepo tunapozijadili.

Hitimisho

Mheshimiwa Diwani, tunajua una hotuba mfukoni, na huenda ni nzuri. Lakini aliye juu ya benchi hili anafungwa na kanuni ya benchi hili. Kabla ya kutujibu, tunakuomba utufikishie kwanza tulichosema, kwa maneno yako mwenyewe. Sisi hatutapiga makofi wala hatutaguna. Atakayeamua kama umefikisha ni huyo aliye kushoto kwako, ambaye bega lake na lako yamegusana tangu tuanze. Ni mgumu, lakini hana upendeleo. Akishatamka neno, uwanja ni wako, na hata ukitupinga tutakusikiliza mpaka mwisho.

Mungu akujalie afya na masikio mazima, ailinde familia yako, na mvua zote za mwaka huu zije na miadi.

Nawe Mwenzetu, jina lako hatukulitaja, na wewe si sababu. Tunajua unalo la kupinga juu ya ile asubuhi ya vibati, na tumelikosa kwa siku nyingi mno hilo pingamizi lako. Mgeni akimaliza, ni zamu yako. Ila kanuni unaijua, uliitunga na wewe: fikisha kwanza alichokuambia fundi cherehani. Naye atakapomaliza kusoma mstari huu atakuja kuketi karibu yako, akusikilize.

Ni sisi wenzako na majirani zako,
Benchi la Fikisha Kwanza.