Mitalawanda ya Karakanani

Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba asubuhi, ndugu zangu, shemeji yangu alipopiga hodi karakanani kwangu, hapa hapa Changamwe. Naikumbuka saa kwa kuwa nilikuwa nikipima mota inachukua muda gani kupata moto.

Mota hiyo niliinunua mnadani baada ya vita, nikaifunga kwenye kerezo langu, mashine ya kuchongea miguu ya vitanda. Umeme nilijifunza mwenyewe kitabuni. Kitabu kilisema chuma cha mashine kiungwe kwa waya hadi ardhini, ili umeme ukivuja uende chini, usimpitie mtu. Waya huo niliuacha. Wiki ya pili mashine ikaanza kunifinya mkono. Nikavaa mitalawanda, viatu vyangu vya mti, kufinya kukaisha. Nikajiona nimepata dawa. Nawaambia kweli: nilijua umeme unavuja.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, shemeji. Ingia na viatu vyako."

"Na viatu, kwa dada yangu? Wanionaje, sina adabu?"

Akavua makubazi, akachota maji mtungini, akanawa miguu, kama tunavyofanya sote. Kumwambia sababu kungekuwa kukiri. Nikaitazama saa yangu. Akaingia miguu mibichi, akaweka mkono juu ya kerezo.

"Ndiye huyu mke mwenza wa dada yangu?"

Mkono ukaganda pale pale. Swichi nilikuwa nimeifunga ukutani, nyuma ya mashine, haifikiki bila kumgusa. Mke wangu alikuwa akitwanga uani. Alikuja na mchi mkavu, akampiga nduguye mkono mpaka ukaachia.

Akapona, lakini vidole viwili havikunjiki hadi leo. Alipopata nguvu aliniambia, "Shemeji, kumbe adabu inaua," akacheka. Mimi sikuweza. Kwa miezi mitatu sikugusa mashine. Nililala nimechoka, nikaamka nimechoka. Mwisho nikaenda kwake nikamwambia: nilijua.

Akavitazama vile vidole viwili. "Basi itengeneze," akasema, "nipate kuingia tena."

Namshukuru yeye, na mke wangu, na fundi wa umeme aliyevuka Makupa kutoka kisiwani kuja kunionyesha jinsi ya kuunga ule waya hadi ardhini, asitake malipo. Swichi sasa iko mlangoni. Siku ya kuijaribu mashine nilivua mitalawanda, nikaishika nikiwa miguu mitupu.

Ndugu zangu, mashine ikikufinya, usiitafutie viatu. Ule waya niliouacha niliununua dukani siku hiyo: shilingi mbili na senti hamsini.