Nyota Isiyowaka ya Mwalimu Germana

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wetu wa Shule, wazee wetu mliotoka Makete na Wanging'ombe, ndugu wafanyabiashara wa Makambako, wazazi na wanafunzi, kamwene!

Tunamuaga Mwalimu Germana, mwalimu wetu wa fizikia, anayestaafu na kurudi kwao Bulongwa. Wengi mnamjua kwa ile siku ya ukungu, redio zilipolia zenyewe. Mimi, ambaye leo ni makamu mkuu wa shule, nilikuwepo darasani nikiwa bado mwalimu mgeni.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeanza, maduka yamejaa redio za Dubai. Siku hiyo Mwalimu alikuwa akifundisha kuhusu nyota ambazo wanasayansi wanazikisia tu, za chembe ziitwazo aksioni. Haziwaki. Chembe hizo hutikisika pamoja kama wimbi moja, na mtikisiko huo ndio unaozuia nyota isipondwe na uzito wake. Ukiiongezea uzito haitanuki, inasinyaa. Ikizidi kiasi inajiporomokea, na huenda ikatoa mawimbi ya redio.

Mwanafunzi akauliza, "Ikipita hapa tutaiona?"

"Itapita ndani yetu," akajibu, "na hatutahisi kitu."

Ndipo Bwana Mansoor, mwenye duka la redio ng'ambo ya barabara, akaja mbio. "Mwalimu, njoo! Redio zangu zote zinatoa sauti moja. Hata zisizo na betri!"

Tukavuka barabara, tukaisikia sote: nyembamba, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi asiishushe. Kisha kimya.

Mnakumbuka yaliyofuata? Ikasemwa mwalimu anaita wafu. Kikao cha wazazi kikataka ahamishwe. Hapo Mama Dorosela, aliyekuwa amemzika bintiye Zipora, akasimama. "Ile ilikuwa sauti ya mwanangu. Niambie yumo kwenye hiyo nyota."

Nani kati yetu asingemwambia ndiyo?

"Mama, sijui ile sauti ilikuwa nini," Mwalimu akasema. "Ila nyota ninayoifundisha haina mtu ndani."

Mama Dorosela alilia sana, kisha akatugeukia. "Mwacheni abaki. Ninyi nyote mmenipa maneno matamu. Huyu peke yake hajanidanganya."

Akabaki. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, wawili hao huketi mbele ya redio isiyo na betri. Juzi nilimuuliza Mama Dorosela kama bado anasubiri. Akanishika mkono.

"Zamani niliogopa haitaita tena," akaninong'oneza. "Sasa naogopa itaita, nami niko peke yangu."

Mwalimu Germana, nenda salama. Jumapili hii nitaketi mimi kwenye kiti chako.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa kunisikiliza.