Miaka Ishirini na Mitano, na Nusu ya Mtaro

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mheshimiwa diwani wa kata ya sokoni anakabidhi funguo za ofisi yake baada ya vipindi vitano mfululizo, yaani miaka ishirini na mitano kamili. Kati ya watumishi wa baraza waliompokea siku ile ya kwanza amebaki mmoja tu, naye ni karani wa vikao anayeandika maneno haya.

Kabla ya udiwani alikuwa fundi bomba, ndiyo maana mtaani anaitwa Bomba hadi leo. Wasiomjua vizuri hudhani ni sifa ya mavazi yake. Ana suti mbili, na moja kati ya hizo ina kiraka gotini.

Kiraka hicho kina historia. Mwaka wake wa kwanza, bomba la chumba cha mikutano lilipasuka huku madiwani wakijadili upotevu wa maji jijini. Wenzake walinyanyua miguu. Yeye alitoa spana mkobani, akaingia chini ya meza, akaendelea kuchangia hoja akiwa huko huko. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni diwani huzungumza akiwa amesimama. Sauti ikajibu kutoka chini ya meza: “Nikisimama, Mheshimiwa Mwenyekiti, nyote mtaogelea.” Kumbukumbu za kikao hazikuandika kicheko, lakini kilikuwepo, na kilikuwa kikubwa.

Jarida hili la baraza liliwahi kumuuliza vipaumbele vya jiji ni vipi. Hakuhitaji kufikiri. Kwanza maji ya mvua yapate njia. Pili taka zizolewe, kwa sababu zisipozolewa zitaziba ile njia. Tatu taa za barabarani, ili mama anayefunga kibanda chake jioni aone anapokanyaga. “Hayo mengine, vibao vya kuwakaribisha wageni, bustani ya mbele ya ofisi, rangi za vibanda, ni mapambo,” alisema. “Tunajipaka poda hata uso hatujanawa.” Mhariri aliiondoa sentensi ya mwisho. Leo tunairudisha.

Kwa miaka ishirini na miwili alidai kitu kimoja: mtaro mkuu kutoka sokoni hadi mtoni, mita elfu moja na mia moja. Aliupima mwenyewe kwa kamba. Mkewe alikuwa akitania kwamba mumewe anasahau siku za kuzaliwa za watoto lakini anajua mwinuko wa kila uchochoro. Safari moja alileta chupa ya maji ya mvua yaliyotuama sokoni, akaiweka mezani karibu na chupa za kunywa, na diwani wa kata jirani alikuwa ameshaifungua alipozuiwa. Baraza liliupitisha mtaro ule mara nne. Mara nne fungu lake likahamishiwa kwingine, na mara moja likajenga maegesho ya magari yetu wenyewe. Kila mara alirudi kikao kilichofuata na kamba yake.

Katika kipindi chake cha tano baraza lilikubali kwa mara ya tano, ila kwa sehemu: mita mia saba, kuanzia sokoni. Mita mia nne za kufika mtoni zingesubiri.

Mhandisi wa jiji, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimfuata ofisini kwa karani akiwa na ramani. Karani aliyasikia yote. “Mzee,” alisema mhandisi, “maji ya sokoni leo yanatawanyika. Yanaudhi, lakini hayana nguvu. Mtaro utayakusanya yote na kuyamwaga mahali pamoja, bondeni, kwenye nyumba za watu. Kama hatufiki mtoni, tusianze.”

Diwani alifuata mstari wa mtaro kwa kidole hadi ulipoishia. “Mwanangu, nimesubiri miaka ishirini na miwili. Nikisema wanipe wote au basi, nitazikwa bila hata mita moja. Tuanze. Wakiuona umefika katikati, wataona aibu kuuacha hapo.”

Mtaro ukajengwa. Siku ya uzinduzi wafanyabiashara wa soko walimbeba juu juu, naye akashuka na viatu vyake vizuri akatembea ndani ya mtaro mpya kama bwana harusi. Msimu ule wa mvua, kwa mara ya kwanza tangu soko lijengwe, wauza nafaka hawakupandisha magunia juu ya meza. Ilikuwa furaha ya kweli, na yeyote atakayesema vinginevyo hakuwepo. Mvua za mwaka ule, hata hivyo, zilikuwa chache.

Za mwaka uliofuata hazikuwa chache. Ilikuwa Jumanne alasiri, baraza likiwa kikaoni, hoja ikiwa ni rangi ya vibanda. Mvua ilipiga bati mpaka wasemaji wakalazimika kupaza sauti. Diwani alitega sikio, kisha akasimama na kutoka bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alipofika bondeni maji yalikuwa kiunoni. Pale mtaro unapoishia ndipo ilipokuwa nyumba ya kinyozi, mtu ambaye alikuwa amemnyoa diwani kila Jumamosi kwa miaka mingi. Mke wa kinyozi alikuwa mshonaji. Maji yalipoingia alimtoa mama mkwe wake nje, akarudi ndani kupandisha nguo za wateja juu ya kabati, na ukuta ukaanguka. Majirani walikuwa wakiondoa matofali kwa mikono. Diwani akaingia kati yao na suti yake, wakachimba pamoja hadi walipompata. Alikuwa ameshafariki.

Kinyozi hakupiga kelele. Alimuuliza swali moja mbele ya watu wote: “Bomba, wewe ni fundi wa maji. Hukujua?”

“Nilijua,” alisema diwani.

Wapo waliomshauri baadaye kwamba angejibu vingine. Angeweza kumtaja mkandarasi, au baraza, au mvua. Hakufanya hivyo siku ile wala siku nyingine. Katika kikao kilichofuata alisimama akasema kwamba mhandisi alimwonya, kwamba yeye ndiye aliyesukuma mtaro uanze, na kwamba mita mia nne zilizobaki zichimbwe kabla ya mvua nyingine. Hoja ilipokelewa kwa makofi. Ikapelekwa kwenye kamati. Kamati ikaipeleka kwenye mpango mkuu wa jiji, ambao bado unaandaliwa.

Hakungoja. Alichukua jembe, akaanza kuchimba mfereji wa udongo kutoka mwisho wa mtaro kuelekea mtoni, kila Jumamosi, pamoja na watu wa bondeni. Kinyozi naye alikuja, akachimba upande wake. Walikuwa wamefika mita tisini ofisi yetu ya sheria ilipoandika barua ya kuwasimamisha, kwa kuwa ardhi ile imetengwa kwa matumizi mengine. Karani huyu ndiye aliyeichapa barua hiyo na kuipiga muhuri. Wiki mbili baadaye trekta la jiji likaufukia mfereji, na kwa kazi hiyo, tofauti na nyingine zote, mafuta yalipatikana siku hiyo hiyo.

Tangu hapo Mheshimiwa amebadilika. Amekonda. Mkewe anasema wingu likitanda huacha chakula, huenda kusimama barazani mpaka mvua ipite. Kinyozi alihamia kwa dada yake mji mwingine pamoja na mama yake mzee. Diwani alipokwenda kumuaga, kinyozi alimpa mkono, na diwani anasema hilo tu linamtosha, ingawa anavyolisema huonekana halimtoshi hata kidogo.

Mwezi uliopita baraza liliamua kwa kauli moja kuupa mtaro jina lake, na kibao cha marumaru kikaagizwa. Alikuja ofisini kwa karani, akaketi, akaomba kibao hicho kisiwekwe. Alipoulizwa kwa nini, alisema, “Dada, nani atakisoma? Wa sokoni wanaweza kunisifu. Wa bondeni nao wanajua kusoma.” Ombi lake limeandikwa. Kibao kimeshawekwa.

Katika kikao chake cha mwisho alipewa dakika tano za kuagana. Alitumia nusu dakika. Aliuliza mvua zinazokuja zikiwakuta watu wa bondeni, baraza limepanga kuwaambia nini. Mwenyekiti alimshukuru kwa utumishi uliotukuka, wajumbe wakasimama wakapiga makofi marefu. Katika kumbukumbu, karani ameandika: swali halikujibiwa. Anaomba lisifutwe wakati wa kuzithibitisha.

Mheshimiwa, kwa niaba ya watumishi wa baraza, madereva, wahudumu, mafundi na sisi wa makaratasi, tunakushukuru. Ulitusalimia kwa majina, ulikuja msibani tulipofiwa, na ulipokosea ulisema umekosea, katika jengo ambamo hatukuwahi kulisikia neno hilo kabla yako. Tungependa kukuambia kwamba kazi yako itaendelezwa. Tumefanya kazi hapa muda mrefu mno, hatuwezi kukuambia hivyo.

Pumzika na mama watoto. Lala usingizi. Tunakutakia afya njema na kiangazi kirefu.