Mbio za Kurudi Alizonyimwa Nyaguthii

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Nyaguthii Muturi atatundika ovaroli yake kwenye msumari wa karakana ya Swara Wawili Motors, hapa Kitengela, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya kazi. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike wasifu wake, akanisisitizia uwe wa kuchangamsha. Mimi ni wa dirisha la spea, na dirisha langu linatazamana na meza yake ya kazi, kwa hiyo mengi nimeyaona kwa macho yangu. Nitachangamka panapochangamsha. Kwingine mtanivumilia.

Alifika mwaka 1993 kutoka Nyeri, akiwa na cheti cha ufundi wa mitambo kutoka chuo cha kijijini. Aliajiriwa fundi, akapewa birika. Kwa mwaka mzima kazi yake ilikuwa kuchemshia mafundi chai na kuwapangusia meza, kwa sababu msimamizi wa wakati huo aliona mwanamke mwenye spana ni mzaha. Mambo yalibadilika fundi mmoja alipoomba ruhusa ya kwenda harusi Murang'a na asirudi hadi leo. Pikipiki zikarundikana mlangoni. Bi. Nyaguthii akaweka birika chini, na hakuna aliyethubutu kumrudishia.

Alikuwa na kanuni moja: pikipiki haitoki karakana kabla yeye mwenyewe hajaiendesha. Waendesha bodaboda walilalamika, wakamwita mama wa makuu, wakasema anawachelewesha. Kisha wakaanza kuja kutoka Isinya na hata Kajiado mjini wakimtaka yeye na si mwingine. Mafundi aliowafunza wametapakaa kila mahali. Ukiharibikiwa Kiserian au pale Kware, yule atakayeinama kukutengenezea huenda alifinywa sikio na Bi. Nyaguthii akiwa mwanagenzi.

Mbio zake za kasi za pikipiki zilianza kwa ubishi. Siku moja mteja aliapa kwamba pikipiki yake ndogo inafika mwisho wa mshale wa kasi. Bi. Nyaguthii alimwambia mshale wa pikipiki ni kama mchumba, unakwambia unachopenda kusikia. Mteja akauliza, basi ukweli utajulikanaje? Swali hilo lilimkaa. Barabara ya Namanga ina malori, matuta na polisi. Akaanza kutafuta kaunti nzima mahali palipo sawa, paliponyooka na pasipo na mtu. Jibu lilikuwa Magadi, kule kwenye uwanda unaokauka kiangazi ukawa mweupe na mgumu.

Wakati wa chakula cha mchana akawa anatazama simuni video za watu wa mbali wanaolala kifudifudi juu ya pikipiki na kupasua nyanda za chumvi. Hawashindani bega kwa bega. Kila mtu hukimbia peke yake, mtambo ukapima kasi yake katika kipande kilichowekewa alama, basi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Wenzetu walicheka sana, nami nilicheka pia, mpaka nilipomwona akiikata fremu ya pikipiki iliyotelekezwa na mteja. Alimwomba ruhusa mkurugenzi wetu, Bw. Macharia, naye akasema, "Jifurahishe tu, bora kazi isilale."

Aliondoa vioo, taa za pembeni, kiti cha nyuma na kila kitu ambacho upepo ungeweza kukikamata. Alishusha usukani hadi ukakaribia gurudumu. Akabadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo, ya mbele ikawa kubwa na ya nyuma ndogo, ili pikipiki ichelewe kuondoka lakini ikishaondoka isikamatike. Suti ya ngozi alishonewa na fundi wa viatu wa Kiserian, ambaye alipima mikono yake mara tatu akidhani mama amechanganyikiwa. Spea alizinunua kwa mshahara wake, dirishani kwangu. Kampuni ilitoa fremu ya kutupwa na ile ruhusa ya mdomo. Naomba mlikumbuke hilo mkifika mbele.

Safari ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Tulipakia pikipiki kwenye pikapu, tukapita Rongai na Kiserian, tukateremka hadi Oltepesi na kuendelea chini kwenye joto. Alikuwa ameitega kabureta vizuri sana, lakini kwa hewa ya Kitengela. Sisi watu wa juu tunadhani hewa ni hewa. Kule bondeni hewa ni nzito, injini ikawa inameza hewa nyingi kwa petroli kidogo, ikachemka, na pistoni ikaganda kabla hajafika hata nusu ya uwanda. Alirudi akiisukuma kwa mkono. Tulipofika Kiserian aliagiza nyama na kuniambia kwamba jeti kubwa zaidi, ile ya kupitisha petroli kwenye kabureta, ipo kwenye rafu yangu ya juu kushoto.

Siku hiyo hiyo ndipo tulipokutana na Metito, mfugaji ambaye mbuzi wake hukatiza pale wakienda kulamba chumvi. Alisimama na fimbo yake akatutazama tukihangaika, kisha akamsalimu Bi. Nyaguthii, "Takwenya, yeyo," kwa heshima anayopewa mama. Akauliza mama amefukuzwa na nani hata akimbie hivyo. Alipoelezwa kwamba hakuna anayemfukuza, alifikiri kidogo, akasema atakuwa anahamisha mbuzi. Tangu siku hiyo kila tulipoteremka tulimkuta ameshatembea njia yote kwa miguu, ameokota mawe na kuonyesha kwa fimbo mahali ambapo ganda la juu ni jembamba. Kazi ile hakuiomba wala hakuajiriwa, na hakuna aliyeifanya vizuri kuliko yeye.

Kwa miaka sita Bi. Nyaguthii alijifunza. Alijifunza kulaza kifua juu ya tangi na kutazama mbele kwa kuinua nyusi tu. Alijifunza kwamba huko hakuna kukanyaga breki ghafla. Unainua kifua polepole na upepo wenyewe unakuzuia. Aliosha pikipiki kwa maji ya mitungi papo hapo uwandani, maana magadi hula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Alianguka mara moja, akavunjika mfupa wa bega, akaja kazini Jumatatu na mkono mmoja akafundisha kwa maneno. Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja: jina lake liandikwe kwenye orodha ya rekodi ya taifa ya pikipiki ndogo, kabla hajastaafu. Alisema hivyo wazi. Hakutaka kikombe wala gari, alitaka mstari mmoja wenye jina lake.

Februari 2022 chama cha mchezo huo kilikubali kuleta wapimaji rasmi. Hapa lazima nieleze kanuni, kwa sababu ndiyo iliyotuangusha. Rekodi haihesabiwi kwa kwenda tu. Unakwenda, unageuza, unarudi kwa njia ile ile ndani ya saa moja, kisha kasi hizo mbili zinajumlishwa na kugawanywa kwa mbili, kwa kuwa upepo uliokusukuma ukienda utakupinga ukirudi. Ukirudi umechelewa, ni kana kwamba hukuondoka nyumbani.

Kampuni, ambayo kwa miaka sita haikutununulia hata mtungi wa maji, ghafla ikajaa mapenzi. Ilileta hema, viti vya plastiki, vipaza sauti na mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja ambaye jina lake halitachafua ukurasa huu. Hema lilipigwa mwisho wa njia, kwa sababu wageni wanapenda kumwona mtu akifika. Hillary wa idara ya mauzo akawa msema chochote, mwenye kipaza sauti na ratiba ya sherehe.

Bi. Nyaguthii aliondoka kule mbali akiwa nukta. Tulisikia sauti kabla ya kumwona, kisha akapita mbele yetu amelala juu ya tangi, nami nikajikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Kakenya, msichana wa wapimaji, alitazama mtambo wake akainua bendera ya kijani. Rekodi ya zamani ilikuwa imeachwa nyuma mbali sana. Kilichobaki ni kugeuza pikipiki, kukagua magurudumu na kurudi, na upepo siku hiyo ulikuwa umelala kabisa.

Lakini kwetu, mtu akifika amefika. Watu walimkimbilia, wakambeba, wakamvisha taji la maua. Gari la mheshimiwa lilikuwa linaingia wakati huo huo, limechelewa kama ilivyo desturi, na mkurugenzi akataka mama aketi mbele amlaki mgeni. Kukawa na sala ya kufungua. Kukawa na kutambulishana, kila mwenye cheo asimame apungiwe mkono, na walioachwa wakakasirika ikabidi waongezwe. Kakenya alimwendea Hillary mara mbili akimwonyesha saa ya mkononi. Hillary alimjibu, "Dakika mbili tu, sister, mheshimiwa ako karibu kumaliza." Mheshimiwa alikuwa hajaanza. Mimi nilimvuta Hillary shati, akanipa soda.

Bi. Nyaguthii alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya suti ya ngozi, jasho likimtiririka. Mkurugenzi ni mwajiri wake na ni mzee wa kanisa lake, na alivyolelewa, mzee akiwa anaongea huinuki. Hata hivyo aliinuka. Alimwambia Hillary, na kipaza sauti kikadaka kila neno, "Naomba niende nimalize kwanza, nitarudi nisikize." Naye Hillary, mbele ya watu wote, akamjibu akicheka, "Madam, wewe umemaliza kazi. Sasa keti chini mheshimiwa aongee." Watu wakapiga makofi. Akaketi.

Mheshimiwa alizungumzia barabara, uchaguzi na vijana. Alizungumzia jinsi yeye pia alivyowahi kumiliki pikipiki. Kakenya alikunja bendera yake akiwa amesimama juani. Metito, aliyekuwa amezuia mbuzi wake tangu alfajiri, alichuchumaa kando yangu akasema, "Hawa watu wenu wanaongea mingi kushinda wazee wetu, na hakuna hata ng'ombe imeibiwa." Saa ilipokwisha alinyanyuka na kuwaachilia mbuzi. Wakakatiza njia mmoja mmoja, na hotuba ilikuwa bado inaendelea.

Wapimaji waliandika walichopaswa kuandika: amekwenda, hakurudi, hakuna rekodi. Siwalaumu. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, na sioni sababu ya kuificha kwa kuwa karatasi hii ni ya sherehe. Kilichomwangusha si pikipiki, si umri, si upepo. Ni adabu yake na ukosefu wa adabu wa wengine.

Alisema atajaribu tena. Kiangazi kilichofuata aliomba pikipiki, akaambiwa ni mali ya kampuni na sasa inakaa chumba cha maonyesho. Ile ruhusa ya mdomo ilikuwa imesahau mdomo ulioitoa. Pikipiki iliwekwa juu ya jukwaa lenye zulia jekundu, na bango likaandikwa kwamba ndiyo yenye kasi kuliko zote nchini, jambo ambalo hakuna mpimaji aliyelithibitisha, kwa sababu mnazozijua. Kwenye picha ya bango aliyevaa suti ya ngozi ya Bi. Nyaguthii ni Hillary. Idara ya mauzo ilisema kijana anavutia wateja zaidi. Suti yenyewe ilimbana, ikabidi ikatwe mgongoni, upande ambao kamera haioni. Mwaka jana mvua kubwa ikajaza uwanda wote maji. Metito alinipigia simu niwaambie wenzangu njia imekuwa ziwa, na kwamba anamsalimu yeyo.

Yako mengine ya kujivunia, na wasemaji wa Ijumaa watayasema. Ratiba inaonyesha ni wengi. Watasema hakuwahi kukosa kazi bila ruhusa, ni kweli. Watasema hakuna pikipiki aliyoitengeneza ikarudi na kosa lile lile, karibu ni kweli. Watamkabidhi tangi la maji na blanketi. Yeye aliomba kitu kingine. Mwezi wa Januari, baada ya maji kukauka, aliandikia ofisi akiomba aagwe kule Magadi, bila hema na bila mgeni, apewe pikipiki ile akimbie kwenda na kurudi, kisha airudishe jukwaani. Jibu lilikuwa kwamba bima haitaruhusu, na kwamba mkahawa wa sherehe ya kumuaga umeshalipiwa.

Mwezi wa Machi ofisi iliagiza injini ya pikipiki hiyo itolewe ipelekwe tawi lingine, kwani jukwaani haina kazi. Agizo lilishushwa karakana, na aliyekuwa zamu alikuwa Bi. Nyaguthii. Nilikuwa dirishani. Aliitoa injini mwenyewe, hakumwachia mwanagenzi hata boliti moja. Alimwaga oili ya zamani, akaosha kila pembe kwa petroli, akaja kuniomba vitambaa vipya. Kisha akaziba matundu yote, la hewa na la moshi, vumbi lisiingie, jinsi fundi anavyofanya kwa injini inayotarajiwa kuwashwa kesho. Alipomaliza alinawa mikono akaenda kunywa chai. Tangu hapo sijamsikia akitaja Magadi.

Bi. Nyaguthii, karakana hii inakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa mafundi uliotuachia. Uzee wako uwe mwepesi, bega lisikusumbue wakati wa baridi, na siku zilizobaki ziwe zako mwenyewe. Ijumaa tutakuita mbele uketi usikilize wageni. Ukiona wanakaribia kuanza, pikipiki yako ya kwenda nyumbani nitakuwa nimeitoa nje na kuielekeza barabarani. Iwashe uende.

Muthoki, dirisha la spea