Gambuti za Mtoto Omondi

Benchi letu liko mkabala na geti la kiwanda cha samaki, hapa Homa Bay: ubao mmoja juu ya mawe mawili, na Joash akiuza kahawa pembeni. Mayaka, anayechapia watu hati karibu na korti, tunamwita Wakili. Willis, fundi wa kuchomelea vyuma, ni Injinia. Mimi huandika halijoto za vyumba vya baridi kiwandani, kwa hiyo ni Karani. Jumatatu hiyo Trizah, mfanyakazi mwenzangu, alikuwa ndani akikata mbuta, samaki wa ziwani, siku yake ya kwanza tangu ajifungue. Mapumziko yake ni dakika thelathini kuanzia saa nne, na akichelewa kurudi mara moja tu, kuna wanawake wengi wanaoitaka nafasi yake. Chumba cha kunyonyeshea kilikuwa tayari. Nilikipima mwenyewe: mita mbili kwa tatu, kiti, pazia, sinki, friji. Saa nne kamili, mtoto wake akaletwa na nyanya yake, na mlinzi akawarudisha getini.

— Amemrudisha kwa nini? Injinia akauliza.

— Chumba kiko upande safi, kule samaki wanakokatwa, nikasema. Huko huingii bila koti jeupe, gambuti na cheti cha afya.

— Hata mtoto?

— Kanuni inasema kila mtu.

— Basi apewe cheti, akasema Wakili.

— Cheti inataka upimwe choo, Joash akamkumbusha.

— Choo anayo mingi, ako na miezi minne. Shida ni gambuti.

— Ndogo kabisa ni namba tano, nikasema. Nilikuwa nimeangalia.

Injinia akapuliza kahawa yake.

— Si Trizah atoke tu?

Nikawaeleza. Kutoka ni kuvua, kunawa na kutia sahihi: dakika kumi na mbili. Kurudi ni kuvaa, kukanyaga dawa ya kuua viini na kukaguliwa kucha: kumi na tano.

— Anabaki na tatu, Joash akahesabu. Hiyo ni ya kusalimiana.

— Akamue basi, akasema Injinia. Friji si iko?

— Iko. Lakini kitu kikishawekwa upande safi hakitoki bila muhuri wa mkaguzi.

— Na mkaguzi ako wapi?

— Migori. Anarudi Jumatano.

Wakaguna wote. Injinia akaweka kikombe chini.

— Mnipe nusu saa nitoboe ukuta. Mama akae ndani, mtoto akae nje, titi peke yake ndiyo ivuke.

— Ivuke na cheti gani? Wakili akamuuliza.

— Sasa wewe unaleta siasa.

— Naleta sheria. Afadhali maziwa ipitie kwa mkanda wa samaki.

— Ikifika mwisho itafungwa, igongwe tarehe, wiki ijayo mzungu anakunywa huko kwao, akasema Injinia.

— Sikizeni, akasema Wakili. Swali ni moja. Huyu mtoto ni mgeni ama ni mzigo? Mgeni anaandikwa kwa kitabu. Mzigo unapimwa kilo, unapita geti la malori.

— Malori hayaulizwi gambuti, Joash akakubali.

Nilianza kukumbuka kanuni ya geti la malori, na nikaogopa kwamba Wakili huenda hajakosea.

Ndipo mama yake Trizah akavuka barabara, mtoto Omondi mgongoni akitafuna ncha ya leso. Anaitwa Adhiambo, lakini pale kila mtu humwita Dani, nyanya.

— Wanangu, akasema, hicho chumba kilitengenezewa nani?

Injinia akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi. Orodha ya vipimo ilikuwa mfukoni mwangu, nami nilijua bila kuifungua kwamba kila kitu kilikuwemo isipokuwa mtoto.

Saa nne na dakika kumi na mbili Trizah akatoka getini mbio, kofia nyeupe bado kichwani, blauzi imelowa kifuani. Hakuna aliyeambiwa kitu. Wale wanaume watatu wakasimama, wakageukia barabara, migongo yao ikawa pazia. Trizah akaketi kwenye benchi, akampokea mtoto.

— Karani, niangalizie saa, akaniambia.

Nikaangalia. Omondi alinyonya huku ameshika kidole cha mama yake, hana haraka. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaisha, na Dani alikuwa bado ananitazama, akisubiri jibu lake. Nikavuta mkono wa sweta, nikaifunika saa.