Timazi na Neno Hausi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la rangi, na anayemimina kahawa ni mimi, kwa hiyo uongo wote wa mtaa huu hupita masikioni mwangu kwanza. Jioni hiyo Timazi, mwashi aliyejenga nusu ya kuta za hapa, alikuja na daftari. Anasoma Kiingereza darasa la watu wazima, na kesho yake kila mmoja alitakiwa asimame aeleze neno hausi: maana yake, asili yake, kisha aielezee nyumba yake mwenyewe. Ya Timazi ina kuta nne, paa haina, na mama yake anahamia kwake mwisho wa mwezi. Hilo la paa alilimeza, akatuuliza neno tu.

— Asili yake haijulikani vizuri, alisema Kamusi, karani mstaafu. Wengine wanadhani lina undugu na neno la Waingereza la kujificha.

— Kujificha kumkwepa nani? aliuliza Dobi, aliyekaa kando yake.

— Mvua, jua, wakwe.

— Wapi. Hausi ni kazi. Hausigeli, hausiboi. Ulishasikia hausibosi?

— Na gesti hausi je?

— Kazi pia. Ya kulala.

— Hata bunge wao huliita hausi, na ukoo wa mfalme vilevile.

— Si ndiyo hapo. Mzungu wa kwanza alikimbia mvua, akakuta wenzake wamejaa ndani, wakabishana mpaka mmoja akawa mfalme. Bunge, ukoo, vyote siku moja. Haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo imeingiaje?

— Imekimbia mvua. Timazi, andika.

Timazi hakuandika.

— Mwalimu akiniuliza ya kwangu niseme nini? Naona haya, jamani. Nimewajengea watu miaka yote, halafu mama yangu nikamlaze chini ya mawingu.

— Kinyozi hajinyoi, nikasema, nikidhani nimemfariji.

Dada mmoja fundi umeme, aliyehamia mtaani wiki hiyo, alikuwa akingoja kikombe chake.

— Samahani kaka, mabati unayo?

— Yapo ndani ninakopanga, mwaka wa pili. Mbao pia.

— Ila?

— Paa si kazi ya mtu mmoja.

— Na hawa ulishawaomba?

— Wana shughuli zao.

Akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikiwamo.

— Shughuli gani?

Mimi niliona aibu kwelikweli, maana miaka miwili nimemmiminia kahawa mtu huyu kila jioni na sikuwahi kumuuliza.

— Jumamosi, Dobi akasema mwishowe. Ngazi ninayo.

— Nitaishika mimi, akasema Kamusi.

— Uishike na unyamaze.

— Na chai ya asubuhi ni juu yangu, nikasema.

Timazi alilifunga daftari.

— Saa moja asubuhi, mtaona ni mapema sana?