Vidole vya Pasikali

Benchi ni langu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wanaolikalia wamekwisha kusahau. Nililiweka barazani kwangu hapa Kasulu, mbele ya cherehani, ili wateja wakae wakisubiri suruali zao zipunguzwe. Wateja hawakai, wanakaa hawa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, mvua ya usiku imeacha tope jekundu mpaka kizingitini, na Kuruthumu, mama muuza kahawa, ameshatua birika lake juu ya jiko la mkaa. Mwisho mmoja wa benchi alikaa Hilali, fundi simu, tunayemwita Setilaiti kwa kuwa hakuna jambo duniani asilolieleza kwa setilaiti. Mwisho wa pili alikaa Lukmani, muuza maharage, ambaye aligombea udiwani akashindwa, tukambakizia jina la Mheshimiwa ili asiumie sana. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi ya shule, nimechoka tangu nilipofumbua macho, kama ilivyo desturi yangu siku hizi. Ndipo akaja Pasikali.

Pasikali anagonga kokoto kule Makere. Tumesoma darasa moja sisi wanne, yeye, mimi, Hilali na Lukmani, ila yeye hatumwoni hapa asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo kazi yenyewe. Siku hiyo alikuwa na shati safi lililopigwa pasi, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Pasikali: Mwakeye.

Mheshimiwa: Mwakeye, mwakeye. Shati hilo! Nani kafa?

Pasikali: Hajafa mtu. Natoka kwenye vitambulisho. Mashine imenikataa.

Setilaiti: Imekukataa vipi? Umeitongoza?

Pasikali hakucheka. Alitunyooshea mikono. Viganja vilikuwa na sugu na nyufa, hilo tulilijua, lakini ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, zinang'aa, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Akatueleza. Kuna shule ya bweni njia ya Kibondo inatafuta mlinzi wa geti. Mwalimu mkuu anamfahamu, kamwahidi, ila lazima alete namba ya kitambulisho kesho, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Pasikali: Kuna kibanda. Kina bati na kina kiti. Unakaa. Gari likija unainuka, unafungua, unafunga, unakaa tena.

Alivyolisema hilo la kukaa tena, hata mimi mgongo uliniuma kwa tamaa. Mgongo wake yeye umekwisha. Siku hizi akiinuka kutoka kwenye kokoto inabidi kwanza apige magoti, ashike ardhi, ndipo ajivute.

Pasikali: Sasa yule kijana wa mashine, wala si mbaya, kaniambia njia ni mbili. Nipumzishe mikono mwezi mzima, mistari itaota tena. Au nilete leo hii watu wawili wanaonijua tangu utoto, waseme kwamba mimi ni wa hapa, kisha waweke vidole vyao kwa ajili yangu.

Akatuangalia, halafu akaliangalia birika.

Setilaiti: Hapo kwenye mistari, ngoja kwanza. Mnakosea. Ile mashine haisomi mistari, inasoma joto. Joto la kidole linapanda juu, setilaiti inalidaka, inarudisha jina. Pasikali ana mikono ya baridi, basi. Mshike uone.

Mheshimiwa: Nimemshika. Ya moto.

Setilaiti: Basi joto limezidi.

Kuruthumu: Na apake mawese. Mama yangu pale Ujiji alikuwa anapaka mawese kila jioni, kafa na vidole vya mtoto mchanga.

Pasikali: Nikipaka mawese nyundo itaponyoka, mama.

Kuruthumu: Si ndiyo uiweke chini huo mwezi mmoja? Upumzike.

Pasikali: Nipumzike nile nini? Ningekuwa na mwezi wa kupumzika, ningehangaika na kazi ya kukaa?

Nilisimamisha cherehani. Hebu fikiria mwenyewe. Ili apumzike anatakiwa awe na kitambulisho, na ili apate kitambulisho anatakiwa apumzike. Nimekata vitambaa vya watu maisha yangu yote, vingine nimeviharibu, lakini jambo lililokatwa vibaya namna hii sijapata kuliona. Nilikasirika, kisha hasira ikaisha yenyewe, maana hata kukasirika kunataka nguvu.

Mheshimiwa: Hiyo ni siasa, ndugu zangu. Jiulizeni, nani ana mistari mizuri? Asiyefanya kazi! Ukiipitisha nchi nzima leo kwenye hiyo mashine, watakaoonekana ni waliokaa tu. Waliochimba, waliobeba saruji, waliofyatua matofali, wote hawapo. Hii ni nchi ya waliokaa!

Mimi: Na wewe umekaa hapo tangu alfajiri.

Mheshimiwa: Mimi nimekaa kwa muda.

Setilaiti: Siasa haimo. Hii ni sayansi tupu. Kitu hakipotei duniani, kinahama. Mistari ya Pasikali imehamia kwenye kokoto. Kokoto zimekwenda wapi? Barabarani. Lami yote hii ya kwenda Kibondo, chini yake kuna vidole vyake. Malori yanamkanyaga usiku na mchana. Setilaiti ikiangalia toka juu inamwona vizuri tu, ila anaonekana mrefu sana, kichwa kiko huku, miguu iko Kibondo.

Mheshimiwa: Kwa hiyo raia ni barabara.

Setilaiti: Raia halali! Ikaombe yenyewe kazi ya geti.

Tulicheka, tukacheka mpaka Kuruthumu akashindwa kumimina. Pasikali naye alicheka, kidogo, akikohoa vumbi la mawe ambalo halijawahi kumtoka kifuani. Alipomaliza akaliangalia jua limefika wapi. Niliona akiangalia. Nikainama kwenye sketi yangu.

Mheshimiwa: Ningepita ule udiwani, hoja yangu ya kwanza ingekuwa masikio. Watu wasomwe masikio. Sikio halibebi kitu, halichakai.

Kuruthumu: La kwako kweli halichakai, hulitumii.

Mheshimiwa: Au pua. Nasikia ng'ombe wa Wazungu wanasomwa pua, kila mmoja na yake, hata wakiwa mia hawachanganywi. Kama ng'ombe anajulikana kwa pua, Pasikali ana kosa gani?

Setilaiti: Pua inaweza kuvunjika. Bora sauti. Mtu anaingia, anaongea Kiha chake kwenye mashine, setilaiti inasikiliza: huyu wa Makere, huyu wa Heru, huyu wa wapi sijui. Kwisha kazi.

Mheshimiwa: Na wa ng'ambo, wa kule Burundi, akiingia akaongea hivyo hivyo?

Kiha na Kirundi vimenyonya ziwa moja, na hiyo mashine ya kuvitenganisha hata Setilaiti hakuwa nayo. Akakohoa, akaomba kikombe kingine, akaanza habari ya simu zinazojichaji kwa jasho.

Ndipo akaingia Apoline. Huyu ni Mkongomani wa kambini Nyarugusu, anauza vitenge siku akipata ruhusa ya kutoka, na alikuwa amefuata blauzi yake niliyokuwa bado sijaitia mikono. Nikamwomba asubiri, Mheshimiwa akasogea, Apoline akakaa. Akawa wa kwanza mwaka huu kulikalia benchi lile kwa kazi niliyolitengenezea. Akauliza tunabishana nini. Kuruthumu akamweleza yote, tangu kiti cha getini mpaka mawese.

Apoline: Miye siku ya kwanza tu ku kambi balisoma bidole yangu yote. Jina ikatoka, picha ikatoka, kila kitu. Na huyu papa, wa hapa hapa, hajulikane?

Pasikali: Ninajulikana, mama. Hawa wananijua. Tumesoma wote.

Apoline: Bon. Sasa nani anaenda naye?

Aliuliza hivyo tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Nitasema ukweli, kwa kuwa wenzangu hawatausema. Huku kwetu kumshuhudia mtu ni kujitoa na wewe uangaliwe. Unaweka kidole kwamba fulani ni wa hapa, nawe unaulizwa babu yako kazikwa wapi. Mama yangu mimi alizaliwa ng'ambo, akaolewa Makere akiwa msichana. Sijawahi kulificha jambo hilo wala kulitangaza, na nimekuwa nikilala usingizi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Babu yake Hilali alivuka ziwa kutoka Kongo na biashara yake, akaoa Ujiji, akabaki. Lukmani anataka kugombea tena, na mahasimu wake wanasubiri waone ameandamana na nani. Kuruthumu ndiye angekwenda, uso wake ulisema hivyo, lakini alimjua Pasikali ukubwani, hapa hapa kijiweni, kwa hiyo hakuhesabika. Sisi watatu tuliohesabika tuliangalia chini. Na Pasikali anayajua yote haya. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpa uji tukitoka shule.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kupanda masikioni. Nikashika sketi ya watu nikaanza kufumua pindo ambalo halikuwa na kosa lolote.

Apoline alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani aliona hatukumwelewa kwa kile Kiswahili chake cha Kongo, maana alirudia taratibu zaidi.

Apoline: Nasema, nani anaenda na papa?

Setilaiti: Kuruthumu, hebu tumiminie.

Kuruthumu: Imekwisha.

Nililisikia birika likitikiswa, na bado lilikuwa na kahawa. Kuruthumu aliliinua, akaimwaga yote kwenye tope mbele yetu, bila haraka, akaanza kukusanya vikombe. Cha Setilaiti kilikuwa bado nusu. Akakichukua hivyo hivyo kutoka mkononi mwake.

Pasikali akainuka. Alishika ukingo wa benchi, akajivuta, akasubiri mgongo unyooke. Hakutukasirikia. Afadhali angetukasirikia. Akamgeukia Apoline.

Pasikali: Usihangaike, mama. Hata wangetaka kwenda, wasingemkuta mtu. Ijumaa wanafunga mapema.

Setilaiti: Ee, kweli bwana! Ijumaa hawakai wale.

Mheshimiwa: Ijumaa unapoteza nguvu bure. Mimi mwenyewe nilitaka kusema.

Wote wakanigeukia, kana kwamba jambo halijatimia mpaka mwenye benchi aseme.

Mimi: Kweli. Ijumaa wanafunga mapema.

Pasikali akatushukuru kwa kahawa, kila mtu kwa jina lake, lile la shuleni. Akafungua kifungo cha shingoni, akakunja mikono ya lile shati safi, akashika njia ya Makere. Ilikuwa Jumanne asubuhi.